RAM za Mchango

Mume wangu ni dereva wa watalii, kwa hiyo kila anayeiona kompyuta ya gemu nyumbani kwetu Karatu humpongeza yeye. "Kaka, umejipatia mtambo." Na yeye, mwanaume asiyeweza kupiga penalti kwenye gemu bila kufumba macho, anatabasamu na kuzipokea pongezi. Naomba niweke sawa hapa mwanzoni kabisa. Mtambo ni wangu. Niliuona mimi, nikaununua mimi, na aliyekaribia kugombana na ukoo mzima kwa ajili yake ni mimi.

Gemu nilianza nikiwa sekondari. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, na njiani kurudi nyumbani palikuwa na kibanda chenye televisheni mbili na benchi moja. Wasichana wenzangu walikuwa wanapita pale wameinamisha macho kama wanapita mbele ya baa. Mimi niliingia. Mwanzoni wavulana walinicheka. Baadaye wakanicheka kidogo. Mwisho wakawa wanasema benchi limejaa kila wanaponiona nakuja, nikajua sasa nimeiva. Kisha nikamaliza shule, nikaolewa, nikazaa. Anayedhani mtoto akitoka tumboni anatoka na vidole vya mama yake, huyo hajazaa.

Wazo la biashara lilinijia masika. Masika watalii ni wachache, magari ya safari yanaegeshwa, madereva wanarudi majumbani, na mji wetu unajaa wanaume ambao wake zao hawajazoea kuwaona mchana. Wanazurura. Wanakaa kwa kinyozi hata wasio na nywele. Nikasema hawa watu wanahitaji mahali pa kukaa, na mimi nitawapa. Cha ajabu ni kwamba wengi hawataki hata mpira. Mtu amekanyaga vumbi la Ndutu msimu mzima, mgongo umekwisha, ukimpa siku ya kupumzika anataka gemu la kuendesha lori Ulaya. Nilimuuliza mmoja kwa nini.

"Dada, kule barabara haina shimo hata moja," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya meneja wa lodge moja huko juu, upande wa geti la kreta. Alihamishwa, akawa anauza vitu vyake. Mume wangu akanitumia picha za friji na picha za kitanda. Nyuma ya kitanda, kwenye kona ya picha, nikaiona. Nikampigia simu papo hapo.

"Achana na friji."

"Lakini si ulisema unataka friji?"

"Nilisema kabla sijaona kilicho nyuma ya kitanda."

Nikaitoa hela yangu ya masweta ya shule, maana ninafuma kwa mashine na Karatu ni baridi, Mungu asifiwe. Kompyuta ikaja juu ya gari la watalii, imefungwa kwa kamba pamoja na mahema. Ilikuwa nzuri kwelikweli. Ina feni tatu, na kadi ya picha nene kama tofali la kuchoma. Nikaiwasha nikiwa na furaha ya bibi harusi.

Furaha haikufika jioni. Yule meneja alikuwa amechomoa RAM zake zote nzuri akaondoka nazo, akabakiza moja ndogo ya GB nne, ya kuwashia tu. Ni kama mtu akuuzie nyumba halafu aondoke na milango.

Kwa asiyejua RAM ni kitu gani, nitasema hivi. Diski ni ghala. Humo unaweza kujaza magunia kadiri upendavyo. Lakini huwezi kupepeta gunia zima kwa mpigo, unapepeta kile kinachoenea kwenye ungo. RAM ndiyo ungo. Mimi nilikuwa na ghala zuri, na mpepetaji mwenye nguvu, na ungo wa kuchezea mtoto. Nilikuwa nawasha gemu la mpira, namnyonyesha mwanangu titi la kwanza, namhamishia la pili, namcheulisha, nambadilisha nepi, na nikiinua macho wachezaji ndio kwanza wanatoka vyumbani. Hakuna dereva atakayelipia kuangalia hilo.

Sasa niseme kuhusu chumba, maana vita vyote vilikuwa vya chumba. Nyumba tunayokaa ni ya mama mkwe wangu. Ina chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, mahali pazuri kabisa pa biashara, na miaka yote chumba hicho kimekuwa cha kulaza maharage yake. Nilipomwomba, alinitazama kuanzia kilemba mpaka ndala.

"Nakupa mpaka maharage yatoke shambani," akasema. "Yakitoka na hicho kidude hakijafanya kazi, maharage yanaingia na kidude kinatoka. Maharage hayalali nje, mkwe."

"Na kikiwa kinafanya kazi, Mama?"

"Tutaona."

Kwa mama mkwe wangu, "tutaona" ni ahadi kubwa. Siku hiyo maharage yalikuwa yameshaanza kutoa maua. Nilikuwa nikipita kando ya shamba nikiyatazama kama mdaiwa anavyomtazama mwenye duka.

Nikatulia, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikajisomesha. Ule ubao mkubwa wa ndani, mafundi wanauita mazabodi, una matundu manne ya RAM, mawili ya rangi moja na mawili ya rangi nyingine. Umeandikwa kabisa kwamba unakula DDR4, RAM za kizazi cha nne. Kwa hiyo nilijua ninachokitaka. Kilichobaki ni duka la kuaminika Arusha. Ndipo nikaandika kwenye grupu la familia, maneno mafupi tu, kwamba natafuta RAM za kompyuta, anayejua duka zuri aniambie.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mimi niliuliza duka, ukoo ukasikia mchango.

Ninapaswa kuwaeleza watu hawa walivyo. Katika ukoo nilioolewa, hakuna anayenunua kitu peke yake. Ukisema mtoto anapata kipaimara, kabla hujamaliza sentensi mmoja ameshataja kondoo, mwingine mchele, mwingine viti. Ukijenga, kila mtu analeta bati lake. Na analeta alilonalo. Nyumba yetu hii, ukiitazama kutoka barabarani, paa lina bati la bluu, bati jekundu, bati la kijivu, na moja lenye tundu la bomba la moshi la nyumba nyingine. Halivuji hata tone. Kwao huo ni ushahidi kwamba vitu vya watu mbalimbali vikiunganishwa vinafanya kazi. Mvua haiulizi bati limetoka kwa nani. RAM inauliza. RAM ina maswali kuliko mshenga.

Ya kwanza ilitoka kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayefanya kazi Wasso. Ilisafiri na basi, barabara yote ile ya vumbi, imefichwa ndani ya pakiti ya majani ya chai ili isivunjike. Nilipoikung'uta chai nikabaki naitazama kiganjani. Ilikuwa fupi. Ilikuwa RAM ya laptop. Nikampigia.

"Shem, umeipata?" Sauti yake imejaa sifa.

"Nimeipata. Ni ya laptop."

"RAM si RAM, shem?"

"Na kondoo si mbuzi?"

Akacheka. Akaniambia niiweke tu, itazoea.

Ya pili aliileta wifi yangu mwenyewe, dada wa mume wangu, kutoka Arusha, alipokuja kumwona mama yake. Huyu angalau alileta ndefu, tena kubwa, ya GB nane. Nikaipenda kwa dakika chache, mpaka nilipoisogeza kwenye tundu. RAM ina kipengo kidogo kwenye meno yake ya dhahabu, na tundu lina kijiti cha kukaa kwenye hicho kipengo. Kipengo cha hii na kijiti cha tundu langu havikuonana kabisa. Ilikuwa DDR3, ya kizazi kilichopita. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni, akaona ni nafasi ya kuwa mwanaume.

"Lete nisukume," akasema. "Kila kitu kinaingia ukisukuma."

Nilimpiga kofi la mkononi. Sijutii. Hawa madereva wamezoea kutengeneza gari porini kwa nyundo na sabuni ya kipande, wanadhani dunia yote iko hivyo.

"Wifi, hii siyo yenyewe," nikasema, taratibu kabisa kwa kipimo changu.

"Kumbe huitaki."

"Naitaka. Yenyewe haitaki."

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dari, kule kwenye bati za watu.

Ya tatu aliileta mume wangu, kwa siri, kama zawadi ya kunituliza. Aliinunua kwa kijana mmoja mwenye meza ya vifaa vya simu alipowapeleka wageni uwanja wa ndege. Ilikuwa ya kuwaka taa ikichomekwa. Nyekundu, kijani, zambarau, zinapishana zenyewe. Kijana wa meza alimwonyesha ikiwaka kwenye video ya simu, akamwambia, "Hii ndiyo ya gemu, bosi, si unaona taa?" Na bosi akaona taa. Haikuwa na kibandiko, kimebanduliwa, kwa hiyo hakuna aliyejua spidi yake wala jina la baba yake. Lakini nikakiri kwamba kipengo kilikaa sawa. Ikaingia. Nikaiweka pamoja na ile ndogo ya GB nne, kompyuta ikawaka, chumba kikawa kama ukumbi wa harusi, na mtoto akapiga makofi.

Mume wangu akakunja mikono kifuani. "Mnasemaga dereva hajui kitu."

Tukaanza mpira. Akaniachia niongoze kwa bao moja, anavyodai yeye. Nilikuwa nimeshamzunguka kipa wake, mguu uko hewani, na picha ikaganda. Kipa amelala chini, mpira uko hewani, mashabiki wamefungua midomo, na hakuna kinachosogea isipokuwa zile taa, nyekundu, kijani, zambarau. Nikazima, nikawasha. Ikaganda tena, safari hii kabla hata ya kona ya kwanza.

Nilisema maneno ambayo siyaandiki, maana wifi yangu anasoma.

Nikachomoa zote. Nikaenda kwenye grupu, nikaandika bila kuzunguka kwamba nashukuru kwa moyo wote, lakini RAM zote tatu zirudi kwa wenyewe, nahitaji mbili za kufanana, pacha, zilizotoka kwenye boksi moja. Grupu likanyamaza. Kwenye grupu lile watu wanapongeza hata mtu akipiga chafya, sasa likanyamaza. Halafu shemeji akaandika, "Sawa shem, tumekuelewa." Aliyeolewa anajua maana ya maneno hayo. Nimekataa mkono wa watu. Nina kiburi. Sekondari imeniharibu.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akaja chumba cha mbele, mikono nyuma. Maua ya maharage yalikuwa yameshageuka maganda machanga.

"Nimesikia umekataa mkono wa watu."

"Sijakataa mkono, Mama. Nimekataa kilichomo mkononi."

"Umeletewa vitatu. Mwenzako angeletewa kimoja angepiga vigelegele. Basi, nimeshajua. Utoe kidude chako, chumba kifagiliwe."

Hasira yangu ina tabia moja, ikizidi sana inanyooka. Nilikuwa na mtoto mgongoni, bisibisi mkononi, na chumba kinanitoka hivihivi. Sikupiga kelele. Nikamuuliza kitu ambacho mimi mwenyewe sikujua kama kitakuja mdomoni.

"Mama, mwaka juzi kaka yako si alikuletea maksai?"

Niseme kwa wasiojua kwetu. Mama mkwe wangu ana maksai mmoja mwekundu. Nira moja inataka ng'ombe wawili, na wengi hawana wawili. Kwa hiyo mwenye mmoja anamtafuta jirani mwenye mmoja, wanawafunga pamoja, wanalima leo kwangu, kesho kwako. Mama mkwe anashirikiana na mama wa boma la pili kwa miaka mingi. Nimekulia nyuma ya plau kwetu Mbulu, kwa hiyo haya sikuyasoma shuleni.

"Aliniletea," akajibu, akinitilia shaka.

"Ukamfunga na mwekundu?"

"Yule? Miguu mifupi kama kigoda. Angenipindishia mtaro mpaka kwa jirani."

"Lakini ilikuwa zawadi. Ya kaka yako wa damu."

"Zawadi hailimi, mkwe. Nilimrudishia. Alinuna mpaka Pasaka, akapona."

Nikamtolea RAM zote mezani, moja moja. Fupi ya Wasso. Ya kizazi kilichopita ya Arusha. Ya taa. Ndogo ya meneja. Akainama, akaichukua ile fupi, akaipima na ile ndefu, ubavu kwa ubavu, kama anapima mabega ya ng'ombe.

"Hivi navyo vinafungwa nira?"

"Viwili viwili."

"Na mwenye nguvu?"

"Anakwenda mwendo wa mnyonge. Na wakishindwana kabisa, wanasimama katikati ya shamba. Ndicho kilichotokea jana, mimi nikiwa nimebaki na kipa peke yake."

Akaguna mguno mrefu. Nimeishi naye miaka kadhaa, naijua miguno yake yote, na huu sikuwahi kuusikia.

"Sasa kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo? Unaandika kwenye simu sijui pacha, sijui boksi. Nani atakuelewa?" Akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Kuanzia hapo mimi nilikuwa mtazamaji tu. Alianza na Wasso. Yeye akipiga simu huwa anaongea kana kwamba simu haipo, anaitupia sauti moja kwa moja juu ya milima.

"Wewe! Umemletea mke wa kaka yako ndama."

Shemeji akajaribu kusema ni RAM nzuri, kaitoa kwenye laptop ya rafiki yake.

"Nzuri kwa nani? Ndama anafungwa na dume? Nilikulea hivyo? Mrudishie rafiki yako kabla na yeye hajakwama."

Akahamia Arusha. Kwa binti yake alichanganya Kiiraqw, lugha ya kwetu, na Kiswahili, na kwa kasi ile nilichokishika vizuri ni kwamba ng'ombe mzee hata awe mkubwa namna gani haingii kwenye nira ya leo, na kwamba kesho saa ya kufungua maduka awe amesimama dukani.

Mume wangu wakati huo alikuwa amejipenyeza mlangoni, ameshika ile ya taa kifuani. "Mama, hii angalau inaingia," akasema.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Hana."

"Anajulikana alikotoka?"

Mume wangu akatazama pale kibandiko kilipokuwa.

"Unaniletea ng'ombe ambaye alama imechunwa," mama yake akamwambia, "halafu unataka niseme asante."

Kwa watu wa ng'ombe, hilo si neno dogo, ni kuambiwa umeleta cha wizi. Ile RAM mpaka leo iko kwenye dashibodi ya gari lake, haiwaki tena, na wageni wakiuliza anawaambia ni hirizi.

Kesho yake wifi yangu akanipigia kwa video akiwa dukani. Nilimpa masharti kwa sauti ya kueleweka. Ziwe DDR4. Ziwe mbili ndani ya boksi moja, GB nane nane. Spidi isizidi ile mazabodi yangu inayoiweza, maana kuzidisha ni kununua mbio ambazo huna uwanja wa kukimbilia. Taa sitaki. Na anisomee kibandiko cha moja, halafu cha pili, namba kwa namba, hata kama muuzaji anakasirika.

Muuzaji alikasirika. Nikamsikia pembeni.

"Dada, chukua moja ya GB kumi na sita. Hesabu si ile ile?"

"Mwambie nataka jozi," nikasema.

"Huyo ni nani? Mwambie kaka mwenye kompyuta aongee mwenyewe."

"Kaka ndiye mimi."

Wifi yangu akaanza kutetemeka kwa kicheko, picha ikawa inaonyesha dari la duka. Muuzaji akaendelea, moja ni rahisi kufunga, moja haina usumbufu, wateja wake wote wanachukua moja. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akipembua mchele, akaegemea kwenye simu.

"Kijana. Umewahi kulima kwa ng'ombe mmoja?"

Uso wa muuzaji ukaingia kwenye skrini.

"Shikamoo, bibi," muuzaji akasema.

"Marahaba. Fungua boksi umsomee."

Akafungua. Akasoma. Zilifanana mpaka herufi ya mwisho. Moja niliilipia mimi kwa hela ya masweta. Ya pili akailipia mama mkwe, bila kuombwa, kwa hela iliyotoka mahali fulani ndani ya kitenge chake, na mimi mjinga nikamshukuru kwa magoti mawili na sikujiuliza chochote.

Zilifika kwa basi la jioni. Nikavua sweta la sufu, maana linazalisha shoti ndogo ndogo za kuua vifaa, nikashika chuma cha kasha kwanza, nikatazama rangi ya matundu, nikaziweka kwenye mawili yanayofanana. Unakandamiza pande zote mbili mpaka vishikizo vinajifunga vyenyewe, ka, ka. Mama mkwe alikuwa amenisimamia kichwani kama mkunga. Nikawasha. Kompyuta ikahesabu GB kumi na sita bila kubabaika. Nikafungua gemu la mpira, nikageuka kuvuta kiti, na nilipokaa wachezaji walikuwa wameshajipanga wananisubiri.

Yule kipa nilimfunga. Nilimfunga mara nyingi, na mume wangu akasema kiti chake kimelegea.

Madereva walianza kuja wiki hiyohiyo. Walikuja wawili, wakaja na wenzao, benchi likajaa, na niliporudi kutoka kuteka maji nilikuta mtu mzima mwenye wajukuu anaomba wenzake radhi kwa kugonga daraja la Ujerumani. Chumba kikawa na kelele nzuri. Mimi nilikaa pembeni na mashine yangu ya kufuma, nikichukua hela kwa mkono mmoja na nikipokea changamoto za mpira kwa mkono wa pili. Hakuna aliyenishinda, waulizeni.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, siku na saa ambayo mji mzima umekuja sokoni na benchi limejaa mpaka nje, mama mkwe akaingia. Amenawa mikono. Amebeba mto wa kukalia. Akasimama nyuma ya dereva aliyekuwa anacheza, yule dereva akainuka mwenyewe bila kuambiwa.

"Mama, kuna nini?" nikamuuliza.

"Leo kwangu."

"Leo kwako nini?"

"Wewe siku zako umelima wiki nzima. Maksai mmoja si wangu?" Akakaa, akaurekebisha mto. "Leo kwangu, kesho kwako. Au mmebadilisha utaratibu huko kwenu Mbulu?"

RAM moja aliilipia yeye. Nira niliileta mimi. Nilimfungia mwenyewe, nikamkabidhi na kamba. Madereva wote wakawa wanatazama viatu vyao kwa adabu kubwa.

Anacheza gemu la kulima. Alilichagua kwa picha, kwa sababu lilikuwa na trekta. Mimi namsomea maandishi, yeye anabonyeza, kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anapanda mbegu. Na hanyamazi. Huyu anapanda ngano hajatazama hata wingu. Huyu ana shamba lote hili na hana jirani hata mmoja, atazikwa na nani? Kwa nini kuku hawa hawali mahindi yangu? Madereva mwanzoni waliguna, halafu wakaanza kubishana naye kuhusu mbolea, na sasa wapo wanaokuja Jumamosi kumwangalia tu, ambao hawalipi, na nimewaambia kuangalia nako nitakutoza.

Basi maharage yakatoka shambani. Yalikuwa mengi mwaka huu. Mkokoteni ukasimama mlangoni, mume wangu akashuka na gunia la kwanza begani, akaja moja kwa moja chumba cha mbele kama alivyofanya miaka yote. Ilikuwa Jumamosi. Mama yake alikuwa katikati ya kuvuna ngano Ulaya. Mimi nilisimama na mtoto mkononi. Neno lake lilikuwa "tutaona", na siku ya kuona ndiyo hiyo.

"Unakwenda wapi na hilo?" akauliza bila kugeuka.

"Maharage, Mama. Nayaingiza."

"Huoni humu kuna kazi?"

Mume wangu akanitazama mimi, akatazama skrini, akatazama gunia. "Sasa yalale wapi?"

"Kwani chumbani kwenu kuna nini?"

Kuna kitanda, kuna kabati, na sasa kuna magunia mpaka dirishani, yote upande wa mume wangu. Anapanda kitandani kwa kupitia miguuni. Amejaribu kulalamika kwa mama yake, akaambiwa maharage hayalali nje.

Kwa hiyo chumba nimekipata. Mlango wa barabarani ni wangu, benchi ni langu, Jumatatu mpaka Ijumaa mtambo ni wangu. Jumamosi, siku yenye wateja wengi kuliko zote, nakaa nje na madereva wangu juani, nawafumia watoto wao masweta, na hasira inanitoka kidogo kidogo pamoja na uzi. Wiki iliyopita mmoja wao aliyekuja kutoka Mto wa Mbu kwa ajili ya gemu la lori aliniuliza bibi atamaliza saa ngapi.

Nikamwambia mlango uko wazi, aingie amuulize mwenyewe.

Akatazama ndani. Akaomba chai.